Sudoku ngumu ikigoma, tafuta wawili wawili

Hii nawaandikia wale ambao sudoku za kawaida wanazimaliza bila shida ila wakigusa ya kiwango cha juu wanajaza namba kama kumi hivi alafu basi, inagoma, unapitia mstari kwa mstari, boksi kwa boksi, hakuna namba inayojitokeza na mkono unaanza kuwasha kubahatisha. Usibahatishe kwanza. Sudoku iliyotengenezwa vizuri ina jibu moja tu na njia ya kulifikia ipo, sema njia yenyewe haipiti tena kwenye kujaza, inapita kwenye kufuta. Wengi tumezoea kuuliza hapa inaingia namba gani, wakati kwenye ngumu swali ni hapa namba gani haiwezi kukaa, na unaweza kutumia nusu saa nzima unafuta tu bila kujaza hata namba moja na ukawa unaenda vizuri kabisa.

Sasa ukienda kusoma kuhusu mbinu za juu utakutana na majina mpaka uchoke, kuna samaki, kuna mabawa, kuna minyororo, kuna maghorofa, mtu anaona kama inabidi akariri mambo thelathini. Mi naona hapana. Karibu zote zinatoka kwenye kitu kimoja: pale palipobaki chaguo mbili tu. Inaweza kuwa namba fulani imebakiwa na sehemu mbili tu kwenye mstari, au kisanduku kimebakiwa na namba mbili tu. Uzuri wa mbili ni kwamba ukiikataa moja, nyingine inakuwa lazima, hakuna pa kukimbilia. Zikiwa tatu ukaikataa moja bado hujui kitu. Kwa hiyo ukikwama usizungushe macho hovyo, tafuta wawili wawili alafu uangalie hao wawili wanambana nani.

Tuelewane kwanza jinsi ya kuita vitu. Mstari ni wa kulala, M1 juu mpaka M9 chini. Safu ni ya kusimama, S1 kushoto mpaka S9 kulia. Kwa hiyo M4S7 ni kisanduku cha mstari wa nne, safu ya saba. Boksi ni lile la tatu kwa tatu, tunayahesabu kama tunavyosoma, la 1 juu kushoto, la 5 katikati, la 9 chini kulia. Namba ambazo bado zinaweza kukaa kwenye kisanduku nitaziita wagombea. Na nikisema visanduku viwili vinaonana, namaanisha viko mstari mmoja au safu moja au boksi moja, yaani haviwezi kubeba namba ileile.

Penseli kwanza

Hakuna mbinu hata moja hapa chini utakayoiona kama hujaandika wagombea. Kichwani haiwezekani, au tuseme inawezekana kwa watu wachache sana na hao hawana haja ya kusoma hii. Kuna namna mbili za kuandika. Ya kwanza ni kuandika wagombea wote kwenye kila kisanduku. Ya pili imepata jina la Thomas Snyder, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa sudoku 2007, 2008 na 2011: unaandika namba kwenye boksi pale tu inapokuwa imebakiwa na sehemu mbili ndani ya boksi hilo, zikiwa tatu huandiki kitu. Ukiangalia vizuri hiyo namna ya pili ni wawili wawili tayari, kila alama uliyoandika ina mwenzake, na ndo maana inaenda haraka. Mi nashauri uanze nayo, ujaze vile vyepesi vyote, alafu ikigoma ndo uandike wagombea wote.

Na ukiandika wote kwenye karatasi, usiende kisanduku kwa kisanduku. Nenda namba kwa namba, yaani 1 zote kwanza kwenye gridi nzima, alafu 2 zote, mpaka 9. Inachosha kidogo lakini ukiwa unaandika 4 peke yake utaona mwenyewe "aah, mstari huu 4 ina sehemu mbili tu", na nusu ya kazi ya mbele unakuwa umeshaimaliza bila kujua. Kwenye apu za simu kuna kitufe cha kujaza wagombea chenyewe, kibonyeze tu, wala usione aibu, kuandika vinamba vidogo sio akili. Akili inaanzia baada ya hapo.

Kitu kimoja cha kushika: ukijaza namba, futa hapohapo kwenye mstari wake, safu yake na boksi lake, kabla hujafanya kingine chochote. Mgombea mmoja uliyemsahau anaweza kukuficha X-Wingi nzima, mbinu tutakayoifikia mbele kidogo. Na ukimfuta ambaye hakustahili kufutwa ndo balaa zaidi, utakuja kugundua mwishoni kabisa wakati 7 mbili zimekutana safu moja na hujui kosa lilianzia wapi.

Usafi wa kawaida, haraka haraka

Haya pengine unayajua kwa hiyo sitakaa sana. Kama kwenye boksi la 1 namba 6 inaweza kukaa M2S1 na M2S3 tu, basi 6 ya mstari wa pili lazima iko humo, futa 6 kwenye M2 yote iliyobaki. Na inafanya kazi kinyume chake pia, watu wanaisahau hii: kama 6 ya mstari mzima wa pili imebaki ndani ya boksi la 1 tu, futa 6 kwenye visanduku vingine vya boksi hilo hata kama haviko mstari wa pili.

Alafu jozi. M5S2 na M5S8 zote zina 3 na 7 tu, basi 3 na 7 za mstari wa tano zimeshachukuliwa, futa kwa wengine wote. Jozi iliyojificha ni ngumu kidogo kuiona kwa sababu imefunikwa na wagombea wengine, mfano kwenye safu moja 1 na 9 zinaweza kukaa kwenye visanduku viwili tu vilevile, kimoja kina 1, 4, 6, 9 na kingine kina 1, 2, 9. Hapo 4, 6 na 2 zote zinaondoka, visanduku hivyo ni vya 1 na 9. Hii utaiona kirahisi zaidi ukiangalia namba kuliko ukiangalia visanduku.

Kwenye utatu watu wanakosea kitu kimoja tu, wanasubiri waone visanduku vitatu vyote vina 2, 5 na 8. Haihitajiki. Kimoja kikiwa na 2 na 5, kingine 5 na 8, kingine 2 na 8, huo ni utatu kamili, na mara nyingi ndo unavyokuja hivyo.

Namba moja, mistari miwili

Chagua namba moja, sahau zingine zote. Mi huwa naanza na zile ambazo zimeshajazwa mara tatu mpaka tano, kwa sababu iliyojazwa mara saba haina kitu cha kukupa na iliyojazwa mara moja imetapakaa mno.

Tuchukue 4. Kwenye M2 inaweza kukaa S3 au S8 tu. Kwenye M7 nayo inaweza kukaa S3 au S8 tu. Sasa fikiria, kama 4 ya M2 iko S3, ile ya M7 haiwezi kuwa S3 tena, inaenda S8. Kama ya M2 iko S8, ya M7 inaenda S3. Hujui ni ipi kati ya hizo mbili na wala huhitaji kujua, vyovyote itakavyokuwa S3 imepata 4 yake na S8 imepata 4 yake kutoka kwenye mistari hiyo miwili. Kwa hiyo 4 zingine zote kwenye S3 na S8 futa. Hiyo ndo X-Wingi. Ukigeuza, ukaanza na safu mbili ambazo 4 imebaki kwenye mistari miwili ileile, unafuta kwenye mistari. Kosa la kawaida ni mtu anaona 4 kwenye pembe nne za mstatili anafurahi anafuta, kumbe M2 ilikuwa na 4 nyingine kule S5. Hiyo sio X-Wingi. Lazima mistari yote miwili iwe na pawili tu.

Sasa hapa ndo patamu. X-Wingi kamili kwenye sudoku ngumu haiji mara nyingi, kinachokuja mara nyingi ni X-Wingi iliyopinda. Tuseme 4 kwenye M2 iko S3 na S8, ila kwenye M7 iko S3 na S9. Upande mmoja umenyooka, upande mwingine umeachana. Watu wengi wanaiacha wanasema haijatimia. Usiiache. S3 haiwezi kubeba 4 mbili, kwa hiyo kati ya M2S3 na M7S3 angalau kimoja sio 4. Kama M2S3 sio, basi M2S8 ni 4. Kama M7S3 sio, basi M7S9 ni 4. Kwa hiyo angalau kimoja kati ya M2S8 na M7S9 ni 4, uhakika kabisa. Kisanduku chochote kinachoviona vyote viwili hakiwezi kuwa 4. Ni vipi hivyo? M8S8 na M9S8, vinaiona M2S8 kwa safu na vinaiona M7S9 kwa boksi la 9. Na M1S9 na M3S9, vinaiona M7S9 kwa safu na M2S8 kwa boksi la 3. Visanduku vinne vinapoteza 4 kwa mkupuo. Hii wanaiita skaiskrepa kwa sababu inafanana na maghorofa mawili yasiyolingana urefu, na kama ungeniambia nichague mbinu moja tu ya kumfundisha mtu aliyekwama ningechagua hii, inaonekana kirahisi na inatokea sana.

Ndugu yake ni tiara, ambayo badala ya mistari miwili inachukua mstari mmoja na safu moja zinazokutana ndani ya boksi. Mfano 5 kwenye M4 iko S2 na S8 tu, na kwenye S3 iko M5 na M9 tu. M4S2 na M5S3 ziko boksi la 4 zote, haziwezi kuwa 5 pamoja. Kwa hiyo angalau moja ya ncha za mbali, M4S8 au M9S3, ni 5. Zinapokutana ni M9S8, hapo 5 haiwezi kukaa.

Sodifishi ni X-Wingi ya mistari mitatu. Tuseme 2 iko M1 kwenye S2 na S6, M5 kwenye S6 na S9, M9 kwenye S2 na S9. Mistari mitatu, safu tatu tu kwa jumla, kwa hiyo 2 tatu za mistari hiyo zinazimaliza safu hizo, zilizobaki kwenye S2, S6 na S9 futa. Kila mstari unaweza kuwa na mbili au tatu, sio lazima zote tatu. Ya mistari minne ipo pia, wanaiita jelifishi, ila kusema kweli sijisumbui nayo, inahitaji namba ambayo karibu haijajazwa kabisa na hapo kuna mbinu nyingi fupi za kujaribu kwanza. Ya mistari mitano ndo usiitafute kabisa, kila ikiwepo kuna ndogo zaidi upande wa pili ukigeuza mistari kuwa safu.

Rangi mbili

Ukishaelewa skaiskrepa, kupaka rangi ni kuendelea tu mbele. Bado namba moja. Unaanza na sehemu yenye pawili, kimoja unakipa buluu kingine kijani, alafu kutoka kwenye kijani unaangalia kama kina mwenzake mwingine kwenye safu au boksi ambako nako namba hiyo ina pawili tu, huyo mwenzake anakuwa buluu, unaendelea mpaka njia iishe. Maana yake ni kwamba buluu zote ni kweli na kijani zote ni uongo, au kinyume chake. Hakuna katikati.

Ona hii ya 8. Kwenye M1, 8 iko S2 na S7 tu, M1S2 buluu, M1S7 kijani. Safu ya S7 ina 8 mbili tu, M1 na M5, kwa hiyo M5S7 buluu. M5 ina 8 mbili tu, S7 na S3, kwa hiyo M5S3 kijani. S3 nayo ina 8 mbili tu, M5 na M2, kwa hiyo M2S3 buluu. Simama hapo, angalia M1S2 na M2S3. Zote buluu, na zote ziko boksi la 1. Haiwezekani buluu iwe kweli, ingekuwa 8 mbili kwenye boksi moja. Basi buluu yote ni uongo, kijani ni kweli, unajaza M1S7 ni 8 na M5S3 ni 8, unapata namba mbili kwa mpigo kwenye sudoku iliyokuwa imekaa kimya.

Hiyo ni njia ya kwanza ya kufaidika. Ya pili ni pale rangi hazigongani ila kuna kisanduku nje ya mnyororo kinachoona buluu moja na kijani moja. Moja kati ya hizo ni kweli hata kama hujui ipi, kwa hiyo hicho kisanduku kinapoteza hiyo namba. Kwenye karatasi huhitaji rangi kweli, mi nazungushia duara upande mmoja na mraba upande mwingine, ila tumia penseli nyepesi maana utahitaji kufuta ujaribu namba nyingine.

Visanduku vyenye wagombea wawili

Mpaka hapa tulikuwa na namba moja na sehemu mbili. Sasa geuza, kisanduku kimoja na namba mbili. Zungushia vyote kwenye gridi yako. Vikiwa vichache, rudi kwenye rangi na skaiskrepa, vikiwa vingi hapa ndo mahali pako.

XY-Wingi ina visanduku vitatu. Cha katikati, tukiite mhimili, ni M4S2 chenye 2 na 7. Kinaona M6S1 chenye 2 na 9, wako boksi moja. Kinaona pia M4S8 chenye 7 na 9, wako mstari mmoja. Sasa mhimili ukiwa 2, M6S1 inakosa 2 inabaki 9. Mhimili ukiwa 7, M4S8 inakosa 7 inabaki 9. Umeona, vyovyote vile 9 iko kwenye bawa moja kati ya hayo mawili. Kila kisanduku kinachoona mabawa yote mawili kinapoteza 9. Hapa ni M4S1 na M4S3, ambazo zinaona M4S8 kwa mstari na M6S1 kwa boksi, na pia M6S7, M6S8 na M6S9 ambazo zinaona M6S1 kwa mstari na M4S8 kwa boksi la 6. Visanduku vitano! Ndo maana nasema tafuta zile ambazo bawa moja liko boksi moja na mhimili, zile ambazo zote zimenyooka kama pembe za mstatili zinakupa kisanduku kimoja tu cha kufuta.

Namna ya kuitafuta bila kuumia kichwa: shika kisanduku cha wawili, tuseme 2 na 7, alafu jiulize kama katika anaowaona kuna mwenye 2 na kitu, na mwenye 7 na kitu hichohicho. Kama hakuna, nenda kingine. Usianze kwa kuangalia mabawa.

Mhimili ukiwa na tatu, yaani 2, 7 na 9, bado inafanya kazi ila sasa mhimili wenyewe unaweza kuwa 9, kwa hiyo kisanduku cha kufuta lazima kione vyote vitatu. Kwenye mfano wetu zinabaki M4S1 na M4S3 peke yake. Hiyo inaitwa XYZ-Wingi.

Kuna nyingine naipenda sana ambayo watu hawaitumii, W-Wingi. Unakuta visanduku viwili vya mbali vina wagombea walewale, tuseme M2S1 na M8S6 zote zina 3 na 8, na havionani kabisa. Peke yao hawana maana. Ila angalia M5, kule 3 ina pawili tu, S1 na S6. M5S1 inaonana na M2S1, M5S6 inaonana na M8S6. Kama visanduku vyetu vyote viwili vingekuwa 3, M5 ingekosa 3 kabisa. Haiwezekani, kwa hiyo angalau kimoja ni 8, na M2S6 na M8S1 ambazo zinaviona vyote viwili zinapoteza 8. Kwa hiyo ukiona mapacha walioko mbali usiwapite, tafuta daraja la kuwaunganisha.

Ukirefusha hayo yote unapata mnyororo. M1S1 ina 1 na 5, M1S6 ina 5 na 3, M7S6 ina 3 na 8, M7S9 ina 8 na 1. Anza kwa kusema M1S1 sio 1. Basi ni 5, M1S6 inakuwa 3, M7S6 inakuwa 8, M7S9 inakuwa 1. Kwa maneno mengine M1S1 ni 1, na isipokuwa hivyo M7S9 ni 1. Futa 1 kwenye M1S9 na M7S1. Sheria ni kwamba mnyororo uanze na uishie na namba ileile, na kila hatua visanduku vionane. Urefu hauna shida kimantiki, ila mi nikishavuka visanduku saba nane naanza kupotea, kwa hiyo naandika njia pembeni.

Mstatili wa kipekee, tumia kwa akili

Hii ni tofauti na zingine zote kwa sababu haitumii sheria za sudoku bali inatumia uhakika kwamba jibu ni moja. Tuseme M2S4, M2S6 na M8S4 zote zina 1 na 9 tu, na M8S6 ina 1, 5 na 9. Kama 5 isingekuwepo, ungeweza kuzibadilisha 1 na 9 kwenye pembe zote nne bila kuharibu mstari, safu wala boksi, na sudoku ingekuwa na majibu mawili. Kwa kuwa ina jibu moja, M8S6 ni 5. Umemaliza. Kama ingekuwa na 1, 5, 6 na 9, ungefuta 1 na 9 ukabaki na 5 na 6.

Lakini pembe nne lazima ziwe ndani ya maboksi mawili, sio manne. Hapa M2S4 na M2S6 ziko boksi la 2, M8S4 na M8S6 ziko boksi la 8, safi. Zikiwa kwenye maboksi manne, ukizibadilisha unavuruga maboksi, kwa hiyo hoja yote inakufa, na hapo ndo watu wengi wanapoingia mkenge. Pia pembe yoyote isiwe namba uliyopewa tangu mwanzo. Wako wachezaji wanaoikataa mbinu hii kabisa wanasema ni ujanja ujanja kwa sababu unachukulia jibu ni moja badala ya kulithibitisha. Mi naitumia kwenye sudoku za chanzo ninachokiamini, kwenye ile aliyoitunga mtu hivi hivi naiacha.

Kwa msingi huohuo, ukifika mwishoni ukakuta kila kisanduku kilichobaki kina wagombea wawili isipokuwa kimoja tu chenye watatu, angalia ni yupi kati ya hao watatu anatokea mara tatu kwenye mstari wake, safu yake na boksi lake. Huyo ndo jibu la kisanduku hicho, jaza na vingine vyote vitafunguka.

Zikigoma zote

Kwanza usidanganywe na wingi wa namba ulizopewa. Gary McGuire wa University College Dublin na wenzake walionyesha 2012, kwa kutumia kompyuta, kwamba hakuna sudoku yenye jibu moja inayoanza na namba pungufu ya 17, lakini nyingi za hizo 17 zinaisha kwa mbinu nyepesi tu. Zile ngumu kwelikweli mara nyingi zina zaidi. Ile ya Arto Inkala wa Finland ambayo magazeti yaliitangaza 2012 kuwa ngumu kuliko zote ina namba 21, mstari wa kwanza wote una 8 peke yake, na hiyo X-Wingi na mabawa hayakufikishi popote.

Kwa za aina hiyo unaingia kwenye kulazimisha. Chukua kisanduku cha wawili, fuata upande wa kwanza uone unaleta nini, alafu fuata upande wa pili. Huku sio kubahatisha, manake hauchagui upande, unaenda pande zote mbili na kuchukua kile kinachotokea kote. Ukianza na 2 ukakuta M9S4 sio 6, na ukianza na 7 ukakuta M9S4 sio 6 vilevile, basi 6 pale imekufa bila kujali jibu la mwanzo. Na upande mmoja ukigongana, mfano unaishia na kisanduku kisicho na mgombea hata mmoja, upande huo ni uongo na mwingine ni jibu.

Pa kuanzia pana umuhimu kuliko unavyofikiri. Usichukue kisanduku cha wawili chochote tu, chukua kile kinachoona visanduku vingine vingi vya wawili vyenye namba zake, kwa sababu kila upande utasukuma vitu vingi haraka. Ukisukuma hatua mbili tatu na hakuna kinachosogea, acha, nenda kingine, usilazimishe kwa kuingiza dhana nyingine juu ya dhana ya kwanza, hapo utakuwa na matawi mengi ya kufuatilia kuliko karatasi yako inavyoweza kubeba. Mgombea anayekufa upande wa kwanza mwekee nukta juu yake, anayekufa upande wa pili mwekee kistari chini yake, ukimaliza angalia ni wagombea gani wana alama zote mbili. Ukishamfuta hata mmoja, futa nukta zote na vistari vyote na urudi kwenye skaiskrepa na mabawa, manake mgombea mmoja aliyeondoka huwa anatengeneza pawili jipya mahali ambapo hapakuwa nalo.